Walimwita Bi Mluzi

Nyumbani walimwita Sindano, kwanza kwa wembamba, pili kwa mdomo. Alikuwa akichoma. Mama yake, dobi wa hoteli, mwanamke wa kupiga pasi mashuka kutwa nzima akiwa amesimama, alikuwa akisema mtoto huyu alizaliwa amekunja ngumi na hakuna aliyethubutu kumwambia aikunjue. Baba yake, fundi wa malori, alicheka tu. Mwache, alisema, dunia hii ina watu wa kuchomwa.

Alikuwa na dada mmoja. Walichangia mama, si baba, lakini chini ya paa lile jambo hilo halikuwa na uzito. Fundi malori alikuwa baba wa wote, na wote walilala kitanda kimoja nyuma ya pazia. Dada alikuwa na pumu. Kifua kilipombana, pumzi zilimtoka na sauti nyembamba, kama mtu anayepiga mluzi chumba cha pili, na Sindano, hata kabla hajaanza shule, alijua la kufanya: kumketisha wima, kumwekea mto mbele aegemee, kumpa kichupa chake cha dawa ya kuvuta, kumsugua mgongo, na kumsimulia upuuzi wowote ili asiogope.

"Usinichekeshe," dada alimwambia akishapata pumzi. "Utaniua."

Halafu wanacheka, mpaka mama anagonga ukuta.

Dada alifaulu, akapelekwa shule ya bweni ya wasichana. Alikaa mwaka mmoja na ushee. Kisha simu ikapigwa, mama akiwa kazini, pasi ikiwa mkononi. Aliyepiga alisema mtoto ameugua ghafla, amefariki njiani akipelekwa hospitali, na walimu wote wanatoa pole. Ghafla. Wakapewa neno hilo moja nao wakalipokea, maana nyumba nzima ilikuwa inalia na hakuna aliyebaki na nguvu za kuuliza.

Miaka ikapita, Sindano naye akafaulu, akapangiwa shule ileile. Mama alikataa katakata.

"Hapana. Pale nimeshatoa mtoto."

"Mama, nataka kwenda."

"Kufanya nini?"

"Kusoma," alisema Sindano. Halafu, kwa kuwa uongo haukuwa fani yake, akaongeza, "Na kujua."

Mama alinuna wiki nzima. Fundi malori ndiye aliyembembeleza, akamkumbusha kwamba mtoto huyu ukimzuia mlangoni atapita dirishani. Sindano akaenda. Kila binti aliandikishwa kwa jina la baba aliyemzaa, kwa hiyo pale shuleni hakuna aliyejua kwamba mwembamba huyu wa kidato cha kwanza alikuwa mdogo wa mtu.

Alipangiwa bweni la chini. Lilikuwa jengo refu lenye vitanda vya chuma vya juu na chini, madirisha ya nondo, na ndoo zimepangwa ukutani, kila moja imeandikwa jina la mwenyewe kwa rangi ya kucha. Lilinuka sabuni ya kipande na mafuta ya nywele. Mwisho kabisa, karibu na bafu, kulikuwa na chumba cha wagonjwa, mlango wa kijani wenye kufuli kubwa. Matroni wa bweni, mama mnene mwenye kicheko cha haraka, alitembea na funguo zake kiunoni, unamsikia kabla hujamwona. Siku ya kwanza tu alipita kitanda kwa kitanda akikusanya dawa zote: vidonge, dawa za maji za kikohozi, marhamu ya mgongo, vyote vikaingia kwenye kabati la chumba kile. Ndiyo sheria, alisema. Hapa hatufugi wagonjwa wa kujifanya.

Jumapili ya kwanza mvua ilinyesha tangu mchana. Wasichana walijaa vitandani wakisukana, na msichana wa kidato cha tatu aliyeitwa Redio, maana hakuwa na kitufe cha kuzimia, akawaita wageni wakae chini karibu naye.

"Mnaona ule mlango wa kijani?" alianza. "Msiuangalie sana. Nasema mnauona?"

Wakasema wanauona.

"Kulikuwa na msichana humu, kidato cha pili. Mzuri, mkimya. Ule ukimya wa watu wenye mambo yao. Jioni moja akaanza kutoa mluzi. Sikilizeni vizuri: mdomo hauchezi, mluzi unatoka kooni. Macho yamemtoka hivi, kucha zimekuwa bluu, anakamata nguo za watu kama anataka kuwavaa. Wakamfungia mle. Asubuhi wakafungua, chumba kitupu."

"Na mwili?" akauliza mmoja.

"Mwili wa nini? Nimekwambia kitupu! Tangu siku hiyo ni Bi Mluzi. Anatafuta koo la kuazima. Ukimsikia usiitike, usigeuke. Akikuchagua, na wewe kifua kitaanza mluzi. Na ukishaanza mluzi, ndiyo basi. Si wewe tena. Ni yeye."

Mtoto mmoja akaanza kulia. Wengine wakasogeleana, wakabanana kama vifaranga. Sindano alibaki alipo. Kwanza alihisi baridi, baridi ya mtu aliyemwagiwa ndoo asiyoitegemea. Mluzi kooni. Kucha za bluu. Hayo hayakutungwa; mtu aliyaona kwa macho yake, mtu wa humu ndani. Dada yake alikaa akitafuta pumzi, akishika nguo za watu kuomba msaada, na leo ile tafrani yake ilikuwa burudani ya kutishia watoto siku ya mvua.

Baridi ikatoka, damu ikachemka. Hakukumbuka kusimama. Alikumbuka tu ndala iliyolowa ikiwa mkononi mwake, na Redio akipiga yowe, na sauti yake mwenyewe ikisema, "Mwongo! Mwongo mkubwa wewe!"

Matroni alifika funguo zikilia. Hakuuliza sababu. Alimpa Sindano adhabu ya kusugua vyoo hadi mwisho wa mwezi, kisha akawageukia wengine wote.

"Na nyie, kelele zikizidi humu, mnajua nani atakuja kuwanyamazisha."

Alisema hivyo akitabasamu. Wasichana wakapanda vitandani mbio. Sindano aliliona lile tabasamu, akaliweka moyoni.

Alisugua vyoo mwezi mzima na hakumwambia mtu yeyote yeye ni nani. Alijua akifungua mdomo mapema watamfunga kwa pole, kama walivyomfunga mama yake. Lakini kila siku alizidi kufura. Kulikuwa na watoto waliokojoa kitandani kwa kuogopa kupita mlango wa kijani. Kulikuwa na wimbo wa kuruka kamba, wenye mluzi katikati. Kulikuwa na binti aliyepaliwa na uji mezani, akakohoa kidogo tu, benchi zima likamhama.

Na kulikuwa na Bonge, aliyelala kitanda cha chini yake. Mtoto wa mashavu, mcheshi, baba yake dereva wa basi. Bonge alilala amezika uso kwenye mto. Sindano aliinama siku moja kutafuta soksi, akaisikia, ndani ya mto, ile sauti nyembamba.

"Una pumu wewe," alimnong'oneza.

"Sina."

"Bonge."

"Nimesema sina!" Macho yalimjaa machozi. "Unataka wanikimbie? Unataka waseme ni mimi?"

"Dawa yako iko wapi?"

"Aliichukua Matroni. Nikimwomba anasema nisubiri nizidiwe kweli."

Siku hiyohiyo Sindano alimfuata kiranja mkuu, msichana wa mwaka wa mwisho, mrefu, mpole, aliyezungumza na wadogo kwa heshima. Alimkuta kwenye kamba za nguo akianua mashuka. Sindano hakuzunguka. Alitaja jina kamili la dada yake, majina yote matatu. Shuka likamponyoka kiranja mkuu, likaanguka kwenye tope.

"Nani kakwambia jina hilo?"

"Ni dada yangu. Tumechangia mama."

Kiranja mkuu aliketi chini palepale kwenye nyasi. Alimwangalia Sindano usoni muda mrefu, kama anayetafuta kitu, na inaonekana alikipata, maana hakuhitaji kuulizwa tena.

"Nilikuwa nalala kitanda cha pembeni yake," alisema. "Kifua kilimbana tangu wakati wa chakula cha jioni. Dawa yake ilikuwa kabatini. Tulikwenda kumgongea Matroni mlango. Akasema aache maigizo, anakwepa mchakamchaka wa asubuhi. Tukarudi tena kumgongea. Safari ya pili hakufungua kabisa, alipandisha sauti ya televisheni. Mimi nilimshika mikono. Nilikuwa sijui kingine cha kufanya, unaelewa? Nilikuwa mtoto."

"Na asubuhi?"

"Asubuhi gari likaja. Kwa nini lilikuja sijui, alikuwa ameshakwenda. Mwalimu wa nidhamu akatukusanya bweni zima, akasema atakayefungua mdomo anarudi kwao na vitu vyake. Tukanyamaza. Lakini mimi niliendelea kuisikia ile pumzi, wiki nyingi. Nikamwambia mwenzangu, bado namsikia. Basi. Hilo tu ndilo nililosema, bado namsikia. Mwenzangu akamwambia mwenzake, kila mtu akatia chumvi yake, na nilipokuja kushtuka tayari amekuwa shetani. Matroni akaipenda sana hadithi hiyo. Wasichana wanaoogopa shetani hawaulizi habari za kabati."

Alitaka kumkumbatia Sindano. Sindano alirudi nyuma.

"Umekuwa kiranja mkuu," alisema. "Umesimama mbele ya mistari kila asubuhi. Na hukusema."

"Nilikuwa naogopa."

"Endelea kuogopa."

Akaondoka. Alijua amemwonea kidogo, na hakujali.

Jumamosi ilikuwa siku ya usafi mkubwa. Walitoa magodoro, wakayapiga kwa fimbo, vumbi likajaa bweni zima hadi mwanga wa dirishani ukaonekana kama moshi. Matroni alikuwa ameondoka kwenda sokoni. Sindano alikuwa nje akisuuza ndoo aliposikia mayowe. Mlango wa bweni ulitapika wasichana, wanakanyagana, mmoja amepoteza kiatu, wote wanalia jambo moja: Bi Mluzi, Bi Mluzi, amemwingia Bonge.

Alipita katikati yao kwa viwiko. Ndani, Bonge alikuwa amepiga magoti sakafuni, mikono imeshika chuma cha kitanda, mabega yanapanda na kushuka. Pumzi ilikuwa ikilia kama mlango usiotiwa mafuta. Bweni zima lilikuwa tupu, isipokuwa Redio, aliyesimama ukutani akiwa ameziba mdomo kwa mikono miwili.

"Njoo hapa!" Sindano alimfokea.

"Ni yeye," Redio alilia. "Ni yeye kabisa, sikiliza!"

"Ni pumu, mjinga wewe! Ni pumu! Njoo umshike!"

Akamvuta kwa kola. Akamketisha Bonge wima, akamwekea mto mbele, akauchukua mkono wa Redio na kuubandika kwenye mgongo wa Bonge. "Sugua. Mwongeleshe. Chochote. Si unajua kuongea wewe? Haya, ongea!"

Kisha alikimbilia bustanini, akarudi na jembe. Kufuli la mlango wa kijani lilikuwa gumu, lakini misumari ya komeo ilikuwa imechoka, na pigo la tatu au la nne liliing'oa yote pamoja na kipande cha ubao. Ndani kulikuwa na kitanda kimoja kisicho na shuka, na kabati. Sindano alilipiga lile kabati. Alilipiga mpaka mlango wake ukapasuka, na hata baada ya kupasuka akaendelea, mara nyingine, na nyingine, vipande vya mbao vikimrukia usoni, akilia kwa sauti kama anayepigwa yeye. Vichupa vikamwagika sakafuni. Akapekua kwa mikono yote miwili mpaka akakipata.

Bonge alivuta, akatulizwa, akavuta tena. Redio alikuwa akimsugua mgongo na kumsimulia, kwa sauti inayotetemeka, jinsi mbuzi wa bibi yake alivyokula sidiria kwenye kamba. Taratibu mabega yakashuka. Ile sauti ikawa nyembamba zaidi, ikakatika. Bonge akauliza kama mbuzi alipona.

Jumatatu wazazi waliitwa. Ofisi ya mkuu wa shule ilikuwa na zulia, vikombe vya mashindano na feni ya mezani iliyogeuza shingo huku na huku. Mama alikuja moja kwa moja kutoka kazini, na sare yake ya udobi, miguu imevimba. Alikuja akijua mtoto wake amevunja mali ya shule. Baba wa Bonge, yule dereva wa basi, naye alikuja, mtu wa sauti kubwa, akijua tu kwamba binti yake aliugua. Matroni alikaa pembeni, funguo mapajani.

Mkuu wa shule alizungumza kwa upole. Alisema uharibifu ni mkubwa, lakini kwa kuwa nia ya mtoto haikuwa mbaya, shule iko tayari kusamehe, mradi jambo hili liishie hapa hapa ndani, kwa amani.

"Mwulizeni kwanza kabati lilikuwa na nini," alisema Sindano.

"Mtoto, hujapewa nafasi ya kusema."

"Lilikuwa na dawa ya Bonge. Kama lilivyokuwa na dawa ya dada yangu." Akamgeukia mama yake. "Mama, hakuugua ghafla. Alikaa usiku kucha. Walimgongea huyu mlango mara mbili. Akaongeza sauti ya televisheni. Halafu wakamfanya shetani. Wanamwita Bi Mluzi, mama. Wanaruka kamba kwa wimbo wake."

Feni iligeuka, ikarudi. Mkuu wa shule alianza kusema kwamba mtoto ana uchungu, kwamba maneno ya mabwenini hayana msingi. Mama hakumtazama. Alisogeza kiti chake mpaka magoti yake yakagusana na ya Matroni.

"Walikugongea?" aliuliza.

"Mama, wasichana hawa wanajifanya sana, huwezi kujua yupi..."

"Nimekuuliza, dada yangu. Walikugongea?"

Matroni aliangalia funguo zake. "Waligonga," alisema.

"Na wewe ulikuwa macho."

Mama alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeonyeshwa bei. Sindano alitegemea apige kelele. Aliombea apige. Badala yake kelele zilitoka kwa dereva wa basi, ambaye sasa ndipo alipong'amua binti yake naye aliponea wapi. Alisimama, akasema maneno yasiyoandikika, akapiga meza mpaka kikombe kimoja kikaanguka. Mlango ukafunguliwa. Alikuwa kiranja mkuu, amelowa jasho, nyuma yake wasichana wawili wa mwaka wa mwisho.

"Na sisi tulikuwepo," alisema. "Tutasema popote."

Mama alikataa amani ya mkuu wa shule. Yeye, fundi malori na dereva wa basi walipeleka shauri polisi na kwenye ofisi ya elimu. Waliambiwa waje kesho, waje wiki ijayo, mhusika yuko semina. Wasichana watatu walitoa maelezo yao. Mwalimu wa nidhamu alipewa onyo. Mkuu wa shule alistaafu kabla ya wakati, kwa heshima zote na keki. Kuhusu kifo chenyewe, walielezwa kwamba ushahidi haukutosha na muda umepita. Matroni akaondolewa shuleni. Sindano alidhani angalau hilo wamelipata.

Bwenini, Sindano aliwasimulia wote ukweli mchana kweupe, amesimama juu ya ndoo. Wengi walilia. Wimbo wa kamba ukafa. Redio alimfuata baadaye, akaomba msamaha bila kupamba, na kwa mara ya kwanza akanyamaza akisubiri kujibiwa. Sindano alimwambia hawezi kusamehe leo. Lakini alimruhusu akae kitandani pake. Wapo pia walioendelea kunong'ona kwamba hata hivyo, mluzi wanausikia. Hao alishindwa kuwageuza.

Likizo ilipofika, dereva wa basi alileta habari nyumbani kwao. Katika safari zake alimwona Matroni kwenye mji mwingine, kwenye lango la shule nyingine ya bweni. Funguo kiunoni. Hakufukuzwa, alihamishwa.

Fundi malori alitukana, akatoka nje akakaa. Mama alikunja nguo alizokuwa akikunja. Kisha akauliza siku ya wazazi kutembelea watoto katika shule ile ni lini.

Walikwenda na basi la yule dereva, mama na Sindano, wakashuka langoni asubuhi, wazazi wakianza kufika na mifuko yao. Mlinzi akawaambia wasogee, wakasogea mpaka barabarani, ambako si kwake. Na pale mama alisimama. Kila mzazi aliyepita alimsalimu, akampa pole ya safari, akamwambia: nilikuwa na binti, alikuwa na pumu, matroni mliyeletewa hapa alimfungia dawa yake akafa. Binti yako ana ugonjwa gani? Dawa yake anayo nani? Hakutukana. Hakulia. Alirudia maneno yale yale, kwa sauti ile ile, jua likipanda. Kuna waliomkwepa kama mwendawazimu. Kuna waliosimama. Mama mmoja mwenye mtoto wa kifafa alisikiliza hadi mwisho, akavua viatu vyake vya visigino na kuingia ndani akikimbia. Baada yake wakaanza kuingia wawili wawili, kisha makundi, na kabla ya chakula cha mchana kelele za ofisini zilisikika mpaka barabarani.

Mlinzi mwenyewe ndiye aliyetoka kuwapa habari, akiwaletea na maji ya kunywa. Matroni alikuwa ameambiwa afungashe. Wazazi walikuwa wamegoma kuondoka mpaka funguo za dawa ziwekwe mezani mbele yao.

"Atapelekwa shule nyingine," alisema Sindano.

"Basi tutajua ni ipi," alisema mama. Sauti ilikuwa imemwisha, inatoka kama ya mtu mwenye mafua.

Walikaa ukingoni mwa barabara kusubiri basi lirudi. Mama alivua viatu, akanyoosha miguu yake iliyovimba, akakata mkate katikati. Sindano bado alikuwa na hasira, akataka kujua kama mama naye anayo au imemtoka, akamuuliza.

"Kula," alisema mama. "Kesho nina zamu ya asubuhi."